Kikombe cha mama kina gramu ngapi?

Haya, mambo vipi wapendwa? Karibuni tena jikoni kwangu hapa Hamburg. Nje mvua, kama kawaida yake, kwa hiyo leo tunapika mandazi. Ila kabla sijashika unga, mnaiona hii? Mizani. Ndogo hivi, inakaa kwenye droo na vijiko.

Wiki iliyopita nilimpigia mama, yuko Tanga, anipe vipimo vyake vya mandazi. "Unga vikombe vinne, mwanangu." Kikombe gani, mama? "Si hiki cha kawaida!" Cha kawaida ni kile cha bati, cheupe, ukingo wa buluu, rangi imebanduka kwenye mkono. Nikamwomba akijaze unga, afute juu kwa kisu, akipeleke dukani kikapimwe. Jibu likaja: gramu 310.

Mara nne, 1,240. Nikatia sukari, hamira, iliki, tui kopo moja la mililita 400. Unga haushikani! Nikaongeza maji, nikaongeza tena, nakanda mpaka mabega yanawaka moto. Yalipotoka kwenye mafuta, mwanangu alichukua moja akaligonga mezani, ko ko ko, akanitazama.

Kumbe dukani walipima unga na kikombe chake! Kikombe kitupu ni gramu 120. Unga wenyewe 190 tu.

Mapishi ya huku Ujerumani hayanisumbui: unga kwa gramu, maziwa kwa mililita, basi. Kasheshe ni ukifuata keki ya Mmarekani. Kikombe chake ni kama mililita 240, cha Australia 250. Tena kijiko cha chakula cha Australia ni mililita 20, wakati kwingine kwingi ni 15. Na msiniletee kile kikombe kikubwa cha chai.

Sogeeni muone. Hiki ni kikombe cha Kimarekani. Nakizamisha kwenye unga, nachota, nafuta juu. 148. Namwaga. Sasa natia unga kwa kijiko, taratibu, sikandamizi, nafuta juu. 122! Unga uleule, kikombe kilekile. Ndiyo maana mapishi mengi yao ukiyageuza utakuta unga 120 au 125. Sukari nyeupe ni 200, siagi 227, asali inafika 340.

Wewe uliye na kikombe chako cha bati huko nyumbani, fanya hivi mara moja tu. Kiweke kwenye mizani kikiwa kitupu, bonyeza kitufe isome sifuri, kisha jaza maji. Gramu utakazosoma ndizo mililita za kikombe chako. Cha mama ni 330. Unga uliotiwa taratibu ni kama nusu ya hapo, 165. Mama yeye huzamisha na kuchota, ndipo inapatikana 190. Sukari, zidisha mililita za kikombe kwa 0.85, cha mama utapata kama 280. Mafuta ya kupikia zidisha kwa 0.92. Andika kwa kalamu ya wino mzito chini ya kikombe, imekwisha hiyo.

Mchuzi na pilau sikupimii, huko mkono unajua. Ni vitu vya kuumuka ndivyo havitaki mzaha.

Haya, unga 190 mara nne, 760 hii hapa, natia tui. Niandikieni hapo chini: kikombe chako kinachukua gramu ngapi za maji? Na mtu asinijibu "cha kawaida".