Kabureta Kwanza, Pampu Baadaye

Karibuni, sogeeni mbele, pikipiki haing'ati. Hii mnayoiona hapa, ya mipigo miwili, si yangu. Mwenyewe kaileta akilalamika inatoa moshi mwingi, na kabla ya kuileta alikwisha "punguza oili" kwa mkono wake: kazungusha nati ya waya wa pampu ya oili mpaka moshi ukashuka kidogo, akaridhika, akaendesha wiki mbili. Kakubali tuitumie leo kwa sharti nisimtaje jina. Sitamtaja. Kakaa katikati yenu tu. (Kicheko.)

Nimeichagua hii kwa sababu kosa alilolifanya nimewahi kulifanya mimi, na lilinigharimu silinda. Nitawaeleza baadaye.

Injini ya mipigo minne ina oili yake chini, inapandishwa, inalainisha, inarudi. Ya mipigo miwili haina nafasi hiyo. Chumba cha krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ndicho kinachovuta petroli na hewa, kinavibana, kinavisukuma kwenda juu ya pistoni. Chumba kinachopitisha petroli huwezi kukijaza oili. Kwa hiyo oili inaingia pamoja na petroli, inapaka beringi za krenki, pini ya pistoni na ukuta wa silinda ikiwa njiani, kisha inaungua. Ikishapita imepita. Moshi kidogo ni sehemu ya maisha ya injini hii, na anayeuchukia kabisa akanunue ya mipigo minne.

Zamani tulichanganya kwenye tangi, na pikipiki za mashindano nyingi bado zinafanya hivyo. 1 kwa 20 maana yake mililita 50 za oili kwa kila lita ya petroli. 1 kwa 50 ni mililita 20. Hesabu rahisi, lakini ina udhaifu: ukishachanganya, umechanganya. Injini iliyowashwa tu inasubiri inapata uwiano uleule na injini inayopanda mlima ikiwa imevutwa mafuta yote. Ya kwanza inachafua plagi bure.

Na mteremko je? Unashuka mlima mrefu, gia imeingia, mkono wa mafuta umeufunga. Krenki inazungushwa na tairi, mara elfu nne, elfu tano kwa dakika. Kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, imefungwa, petroli inayoingia ni kidogo mno, na oili iliyomo ndani ya petroli hiyo ni kidogo zaidi. Spidi ipo, oili haipo. Waliozoea kuchanganya walikuwa wakiufungua mkono wa mafuta kidogo kila baada ya muda mfupi wakiwa wanateremka. Hawakuwa wanacheza na sauti. Walikuwa wanainywesha injini.

Pampu ilikuja kuondoa shida hizo mbili. Yamaha waliitoa kwa jina la Autolube kwenye YA6 ya mwaka 1964, na Suzuki na Kawasaki nao wakaja na mifumo yao. Nyingine humwaga oili kwenye njia ya hewa baada ya kabureta, nyingine huipeleka moja kwa moja kwenye beringi za krenki. Tangi la oili likawa peke yake, la petroli peke yake.

Pampu ya aina hii ina mabwana wawili. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa hapo. Bwana wa kwanza ni krenki: kwa gia ndogo ya skrubu inaamua pistoni ya pampu ipige mara ngapi. Bwana wa pili ni mkono wako: kupitia waya, unazungusha puli ya pampu, na puli inaamua kila pigo liwe refu kiasi gani. Injini ikisubiri, mapigo ni machache na mafupi, na uwiano unaweza kuwa 1 kwa 100 au oili ikawa kidogo kuliko hapo. Ukivuta mafuta yote, mapigo ni mengi na marefu. Ukiteremka umefunga, ni mafupi lakini mengi, kwa sababu krenki bado inazunguka.

Sasa utazameni huu waya. Unatoka mkononi mmoja, unafika kwenye kigawanyio, unakuwa miwili: mmoja kwa kabureta, mmoja kwa pampu. Pikipiki yenye silinda mbili unakuwa mitatu. Waya wa kabureta ukilegea utajua siku hiyohiyo, maana mkono unazunguka bure kabla injini haijaitika. Waya wa pampu ukilegea hutajua kitu. Pikipiki inawaka, inavuta, tena utaisifu: moshi umepungua, plagi safi, chupa ya oili haiishi. Injini yenye njaa ya oili huwa na sura nzuri mpaka dakika ya mwisho.

Mimi nilikuwa kijana. Nilibadilisha waya wa kabureta uliokatika, nikaurekebisha vizuri, nikafunga kifuniko cha upande na kuondoka. Kumbe waya mpya ulikuwa tofauti kidogo kwa urefu, na puli ya pampu ilianza kuzunguka ikiwa imechelewa. Karibu miezi miwili niliona raha. Kisha siku moja, kwenye barabara iliyonyooka, mafuta yote wazi, injini ikanoki. Tairi la nyuma lilikaza, nikakamata klachi, Mungu akasaidia sikuanguka. Tulipofungua, pistoni ilikuwa imechubuka upande wa bomba la moshi na silinda ina mikwaruzo ya kuingiza ukucha. Pampu yenyewe ilikuwa nzima kabisa. Haikuwa imeambiwa itoe oili.

Ndiyo sababu nasema kabureta kwanza. Alama ya pampu, ile iliyo kwenye puli, haipimi oili. Inapima uhusiano: puli iwe hapa wakati kabureta iko pale. Ukiigusa kabureta baada ya kupanga pampu, umeivuruga pampu, hata kama hukuikaribia. Kwa hiyo panga mwendo wa kusubiri, panga ulegevu wa waya mkononi, mara nyingi unaachwa kama milimita 1, na kama kabureta ni mbili zipande sawasawa. Ukishamaliza hayo yote, na hutarudi nyuma, ndipo unafungua kifuniko cha pampu.

Alama inasomwaje? Inategemea pikipiki, na hapa sitaki ujuaji. Ziko zinazosomwa mkono ukiwa umefungwa. Ziko ambazo unavuta taratibu mpaka ulegevu wa waya uishe na kabureta ianze tu kupanda, ndipo alama ya puli ikutane na pini au mstari wa kwenye pampu. Nyingine zina nukta kwenye slaidi ya kabureta, kile kipande kinachopanda ukivuta mafuta, unaichungulia. Nyingine husomwa mafuta yakiwa wazi kabisa. Ukitumia njia ya pikipiki moja kwa nyingine, alama zitakutana vizuri na injini itakufa vizuri. Kitabu cha modeli hiyo ndicho kinachosema.

Alama zisipokutana, unalegeza nati ya kufungia, unazungusha kirekebishio cha waya, unatazama tena. Halafu vuta na uachie mkono mara kadhaa, geuza usukani kushoto na kulia. Waya uliopita vibaya unavutika usukani ukigeuka, na puli inasogea bila wewe kugusa mafuta. Watu wengi huiruka hatua hii, nami siwaelewi, kwani haichukui hata nusu dakika.

Kuna kipimo cha pili ambacho mafundi wengi hawakijui: pigo fupi kabisa la pampu. Mkono umefungwa, toa plagi injini izunguke kwa urahisi, izungushe polepole mpaka sahani ya mbele ya pampu ifike mbali kabisa na puli. Ingiza fila geji, vile vibamba vya kupimia nafasi nyembamba, katikati. Kwenye pampu nyingi za Yamaha za miaka ya 1970 nafasi hiyo ni milimita 0.20 hadi 0.25. Ikiwa ndogo, unaongeza shimu, yaani washa nyembamba, chini ya sahani, ikizidi, unaondoa. Waya hauwezi kurekebisha hili. Unaweza kuwa na alama zilizokutana kama mapacha na bado injini ikafa njaa ikiwa inateremka.

(Swali kutoka kwa mmoja wa wasikilizaji: Si afadhali kuipandisha oili kidogo zaidi, kwa usalama?)

Kidogo, sawa, haitakuua. Lakini oili ikizidi sana haiwi usalama. Inaacha masizi, ringi zinanata kwenye mifereji yake, plagi inalowa, bomba la moshi linaziba na injini inakosa nguvu. Na kwa wanaochanganya tangini kuna mtego mwingine: ukiongeza oili, kwenye kila tone linalopita kabureta petroli imepungua. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, unachoma zaidi. Mtu anaogopa joto, anaongeza oili, anapata joto.

Ukitaka kujua pampu inatoa kiasi gani, pima. Jaza matangi yote mawili mpaka alama, endesha kama unavyoendesha siku zote, kisha jaza tena ukipima. Kama petroli iliyoingia ni lita 10 na oili ni mililita 250, wastani wako ni 1 kwa 40. Huo una maana kuliko moshi wowote utakaoutazama kwa jicho.

Sasa hewa. Kila ukifungua bomba la oili, au tangi likikauka hata mara moja, hewa imeingia, na pampu hii ni ndogo kiasi kwamba povu moja la hewa ni mapigo mengi yasiyo na kitu. Ina skrubu ya kutolea hewa. Ilegeze, acha oili itiririke yenyewe mpaka mapovu yaishe, funga. Chini ya skrubu kuna washa ndogo. Ukiipoteza, pampu itavuta hewa humo milele nawe utalaumu kiwanda. Hiyo ni nusu ya kwanza, inatoka tangini hadi kwenye pampu. Kutoka pampu hadi kwenye injini bado kuna hewa. Kwa hiyo mimina kwenye tangi la petroli petroli kidogo iliyochanganywa 1 kwa 50, washa injini, iache ingurume chini, na kwa kidole uivute puli mpaka mwisho. Oili itasukuma mapovu yatoke kwenye bomba. Itatoa moshi wa kutisha, majirani watalalamika, wavumilie. Bomba likiwa safi, achia puli.

Mkiwa hapo tazameni kitundu cha kifuniko cha tangi la oili. Kikiziba, tangi linashindwa kuvuta hewa, oili inakataa kushuka, na unaweza kumaliza siku nzima ukirekebisha pampu isiyo na kosa. Chujio la mdomo wa tangi vilevile. Na oili iwe ya mipigo miwili inayofaa pampu, si ile ya gari iliyobaki chupani.

Haya, turudi kwa mgonjwa wetu. Nimefungua kifuniko mapema. Njooni mwone: alama ya puli iko nyuma ya pini kwa upana wa njiti ya kiberiti hivi. Ndiyo kazi ya nati ile. Lakini moshi haukuisha, mwenyewe atakubali. (Sauti: Ulirudi.) Ulirudi, tena mweupe, mzito, na ukiunusa si harufu ya oili inayotoka kwenye tangi hili. Basi asubuhi nikamwaga oili ya gia. Kitabu kinasema iwe mililita 700. Hii hapa kwenye kikombe cha kupimia: mililita 430, na chini ya injini hakuna hata tone.

Imekwenda wapi? Upande wa klachi kuna sili, mpira wa kuzibia, inayotenga krenki na oili ya gia. Ikichoka, krenki inaivuta oili ya gia na kuichoma. Pampu ilikuwa inatoa kiasi chake sawasawa, ikapunguzwa kwa kosa la sili.

Kwa hiyo tunairudisha alama mahali pake sasa hivi, kabla hatujagusa klachi, ili injini isiwashwe tena ikiwa na njaa. Kabureta nimekwisha ipanga. Wewe uliyekaa katikati, ambaye sikukutaja, njoo ushike bisibisi.