Matema: Ufuo Ulio Chini ya Mlima

Ndugu mwenyekiti, walimu, na ninyi vijana mnaosomea kuongoza watalii, nashukuru kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie Matema, na najua wengi wenu mmeshafika huko, wengine na shule, wengine kwenye harusi za Kyela. Kwa hiyo sina haja ya kuwaambia kwamba mchanga wake ni mzuri. Leo nataka tuutazame mlima.

Matema iko pembe ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Nyasa. Ukisimama ufukweni ukatazama kusini, kulia kwako ni tambarare ya Kyela, nchi ya mpunga, kakao, michikichi na miembe. Kushoto Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja mpaka majini, kwa urefu mkubwa bila hata kibarabara cha kupita chini yake. Hapo ndipo ardhi ilipopasuka Bonde la Ufa lilipofanyika: upande mmoja ukainuka, mwingine ukazama. Uso wa ziwa uko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, vilele vinapita mita 2,000, na mteremko ukifika majini hauishii hapo, unaendelea kuteremka gizani. Sehemu ya ziwa yenye kina kikubwa kuliko zote, ambayo iko mbali na Matema, inafikia mita 700.

Mgeni akishalielewa hilo, mengine yanafunguka yenyewe. Chukua samaki. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki, na wengi wao hawapatikani popote pengine duniani. Lakini maji ya chini sana, kuanzia mita 200 na kitu hivi, hayana oksijeni, kwa hiyo samaki wako tabaka la juu na kandokando. Ndiyo maana pale mlima unapoingia majini, kwenye mawe, mtu mwenye miwani ya kuogelea akiinamisha kichwa tu anaona samaki wadogo wa buluu na manjano ambao watu wa Ulaya na Marekani huwafuga kwenye matangi ya vioo sebuleni. Hahitaji mtungi wa hewa wala kozi ya kuzamia. Mwazimeni miwani, basi.

Usiku ni zamu ya usipa. Hao ni jamaa wa dagaa kwa matumizi ya jikoni, ingawa mtu wa Kyela akinisikia nikiwaita dagaa atanuna. Huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika. Basi mgeni akikaa barazani baada ya chakula anaona taa zimejipanga kwa mbali juu ya maji, anauliza ule ni mji gani ng'ambo. Mweleze. Na asubuhi mpeleke kwenye vichanja vya kuanikia, aone usipa wanavyogeuzwa juani, kisha ale waliokaangwa, kwa wali wa Kyela. Hapo hamhitaji mpishi wa hoteli.

Upepo nao unahitaji adabu. Mwera huvuma kutoka kusini, hasa kuanzia Mei hadi Agosti, na ukishapata urefu wote wa ziwa, zaidi ya kilomita 500, unafika Matema ukiwa na mawimbi ya bahari. Asubuhi ziwa limelala, mchana limebadilika. Mgeni akitaka mtumbwi saa nane mchana, mkatalieni, hata kama amelipa, na asubuhi msimpakie bila boya la kujiokolea. Mimi huwashauri watu waje Septemba au Oktoba. Kuna joto, lakini masika ya Kyela hayapo, na masika hayo si mchezo: mito inafurika, watu wanahama nyumba. Kuogelea ni kwenye mchanga wa wazi. Kwenye matete na midomo ya mito kuna kichocho, na upande wa Mto Lufilyo kuna viboko na mamba. Chandarua ni lazima. Malaria ipo, na Hospitali ya Matema, ya KKKT Dayosisi ya Konde, inaijua vizuri.

Sasa nifike ninapopataka, Ikombe. Ukitoka Matema unapita Lyulilo, halafu njia inakuwa ya miguu, inakumbatia mlima, na unatembea saa moja au zaidi, au unapita majini kwa mtumbwi. Huko wanaishi Wakisi, na kina mama wa Kikisi ni wafinyanzi. Hawatumii mashine. Wanaufinyanga udongo kwa mikono, wanausugua kwa kokoto mpaka ung'ae, wanaupamba kwa udongo mwekundu na mweupe, kisha wanachoma vyungu nje, peupe. Mwongozaji mvivu huwaambia wageni kwamba hii ni sanaa ya kale. Ni kazi, tena ya leo. Jumamosi vyungu hupakiwa kwenye mitumbwi mpaka gulio la Lyulilo, wachuuzi wanavijaza majani makavu visivunjike, na kutoka hapo vinapanda Kyela, Tukuyu, Mbeya. Chungu ulichomwona bibi yako akipikia maharage huko Rungwe, uwezekano mkubwa kilianza safari kwa kasia. Mtumbwi ndio lori la watu ambao mlima umewanyima barabara.

Kwa hiyo nawaambia, panga safari uangukie Jumamosi. Kufika Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili ni kipimo cha chini. Anayekuja Jumatatu akaondoka Jumanne atakuwa ameoga tu. Na mkifika kwa wafinyanzi, salimieni kwanza, nunueni kitu, ndipo mwombe picha. Bei ya chungu si ya kubishania kama kitenge cha mjini, mtu ameshinda wiki nzima na udongo ule.

Wageni watawauliza habari ya mpaka. Jibuni kwa kifupi: Malawi hushika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, unaopitisha mpaka kwenye ufuo wa mashariki, Tanzania husema mpaka uko katikati ya maji. Msiende mbali zaidi ya hapo, mtaharibu chakula cha mchana.

Wenye miguu mizuri wapeni njia ya kutoka Bulongwa, huko Makete, kuteremka mlima mpaka Matema. Ni ngumu, hasa kwa magoti, lakini sijui namna bora ya kulifikia ziwa. Wengine waende kwa gari, na hapa nina ugomvi kidogo na ratiba zenu, maana zote zinasimama Daraja la Mungu, daraja la asili la mwamba kule Kiwira, watu wanapiga picha, wanakimbia. Daraja ni zuri, lava imejenga kitu ambacho mhandisi angekionea wivu. Ila mkishuka kwa njia ya Tukuyu kwenda Ipinda mnapita Masoko, ziwa la volkano, duara kabisa, na ukingoni kuna jengo la mawe waliloliacha Wajerumani. Watu wa hapo watawasimulia juu ya hazina iliyotoswa majini wakati wa Vita vya Kwanza, na wapo watakaowaonyesha sarafu za zamani. Mwambieni mgeni wazi kuwa habari ya hazina ni simulizi. Jengo lipo, ziwa lipo, na hiyo hazina niachieni mimi, nitaitafuta nikistaafu.

Karibuni maswali.