Mapovu Hayatoshi Kuwa Ushahidi

ZUHURA: Karibuni tena. Mimi ni Zuhura, niko na kaka yangu Baraka. Msikilizaji mmoja ametuletea swali zuri. Anasema maji yakichemka yanatoa mapovu, yanapanda mvuke, na moto umetumika. Kwa nini basi tunaambiwa ni mabadiliko ya kiumbo tu, yaani kitu kinabaki kilekile, si ya kikemia, ambapo kinazaliwa kitu kipya?

BARAKA: Swali hilo lina haki kabisa, dada Zuhura. Wengi wetu shuleni tulikaririshwa orodha: ukiona mapovu, rangi imegeuka, joto au mwanga umetoka, andika kemia. Zile ni dalili za kukufanya uchunguze. Jibu lenyewe hazikupi.

ZUHURA: Tuanze na hayo mapovu. Ndani yake mna nini?

BARAKA: Mna maji. Vile vipovu vidogo vinavyotangulia, kabla maji hayajachemka, ni hewa iliyokuwa imeyeyuka humo. Lakini yale makubwa yanayopanda kwa nguvu maji yanapotokota ni mvuke, yaani maji yenyewe katika hali ya gesi. Kila molekuli bado ina atomu mbili za hidrojeni na moja ya oksijeni. Ni kama abiria waliobanana ndani ya basi wakashuka na kutawanyika: nafasi imeongezeka, watu ni walewale. Weka mfuniko baridi juu, matone yanarudi.

ZUHURA: Na tukitaka kuivunja molekuli yenyewe?

BARAKA: Hapo kazi inakuwa nzito. Mwaka 1800, Waingereza wawili, William Nicholson na Anthony Carlisle, walipitisha umeme wa betri kwenye maji wakapata gesi mbili, hidrojeni na oksijeni. Hidrojeni inawaka, oksijeni inachochea moto, ilhali maji tunazimia moto! Angalia na nishati. Gramu 18 za maji yanayochemka zinahitaji kilojuli 41 hivi kugeuka mvuke. Kuzivunja gramu 18 za maji ziwe hidrojeni na oksijeni kunadai takriban kilojuli 286. Ni kama mara saba.

ZUHURA: Kwa hiyo mapovu tuyaache?

BARAKA: Tusiyaache, tuyahoji. Chupa ya soda ukiifungua inafoka. Ile ni kabonidayoksaidi iliyoshindiliwa humo kiwandani, na sasa inatoka kwa kuwa mgandamizo umepungua. Ukimwagia siki kwenye bikaboneti ya soda, inafoka vilevile, na gesi ni hiyohiyo kabonidayoksaidi. Ila hapa haikuwa imejificha popote ikingoja kutoka. Imetengenezwa palepale, siki na ule unga vilipokutana. Mapovu yanafanana kwa macho, chanzo mbalimbali.

ZUHURA: Mimi kinachonivutia kuliko vyote ni mshumaa, maana mabadiliko yote mawili yanatokea pamoja, sentimita chache kutoka hapa hadi pale. Chini ya mwali pana kidimbwi cha nta iliyoyeyuka. Hiyo ni nta bado, ikipoa inaganda. Nta hiyo inapanda kwenye utambi, inakuwa mvuke, na bado ni nta. Kinachowaka ni ule mvuke.

BARAKA: Na hilo unaweza kulionyesha.

ZUHURA: Kwa urahisi! Puliza mshumaa uzime. Kile kiuzi cheupe kinachopanda si masizi, ni mvuke wa nta uliopoa ukawa vitone vidogo mno. Sogeza upesi njiti ya kiberiti inayowaka kwenye huo moshi, juu kidogo ya utambi, bila kuugusa. Moto unateremka kwenye moshi na kuuwasha utambi. Kila ninapoliona nafurahi upya.

BARAKA: Sasa twende ndani ya mwali.

ZUHURA: Ndani ya mwali nta inakoma kuwa nta. Pitisha kijiko cha chuma katikati, kinatoka na masizi meusi; hiyo ni kaboni. Halafu chukua glasi baridi, kavu kabisa, uifudikize kwa muda mfupi juu ya mwali. Ndani yake unaingia ukungu. Ni maji! Na hayakuwamo ndani ya mshumaa. Hidrojeni ya nta imeungana na oksijeni ya hewani.

BARAKA: Ndiyo maana mtu akisema mshumaa umeisha bila kubakiza kitu, namsihi afikirie mizani. Gramu 1 ya nta ikiungua vizuri hutoa gramu 3 hivi za kabonidayoksaidi na zaidi kidogo ya gramu 1 ya maji. Uzito umeongezeka kwa sababu oksijeni ya hewani imeingia. Mfaransa Antoine Lavoisier alilichunguza jambo la namna hii katika miaka ya 1770: alichoma bati ndani ya chombo kilichozibwa, na uzito wa jumla haukubadilika. Alipokifungua hewa ikaingia kwa kasi, na hapo ndipo uzito ukaongezeka.

ZUHURA: Tuguse mwanga na joto. Balbu ya zamani, ile yenye kiwaya chembamba, inawaka na kuunguza vidole.

BARAKA: Na hakuna kemia ya maana inayoendelea ndani yake. Kiwaya ni cha tangsteni, kinapata joto la nyuzi 2,500 hivi za Selsiasi, kinang'aa, na kinabaki tangsteni. Kimezingirwa na gesi isiyojishughulisha, kama agoni. Kioo kikipasuka taa ikiwa inawaka, oksijeni inakifikia, kinaungua mara moja na kugeuka oksaidi. Kiwaya kilekile, joto lilelile, lakini sasa ni kemia.

ZUHURA: Bado ile hoja ya kwamba cha kikemia hakirudi kilivyokuwa.

BARAKA: Hiyo ningependa iondoke madarasani. Glasi ikivunjika huirudishi, na ni mabadiliko ya kiumbo. Betri ya gari nayo, ikitoa umeme, madini ya risasi kwenye bamba zake yanageuka salfeti ya risasi na asidi inapungua nguvu. Hiyo ni kemia tupu. Ukiichaji, inarudi.

ZUHURA: Na chumvi ikiyeyuka kwenye maji? Hapo nimeona watu wakibishana.

BARAKA: Wana sababu. Kutengeneza chumvi kutokana na sodiamu na klorini hakuna ubishi, ni kemia. Kuiyeyusha ndiko kwenye utata. Ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, za sodiamu na za kloridi zinaachana, kila moja inazingirwa na molekuli za maji. Kwa hiyo vifungo vya ile chembe vimevunjika kweli. Lakini ukiyakausha maji, chumvi unaikuta. Vitabu vingi vya shule vinaiweka upande wa kiumbo.

ZUHURA: Mwanafunzi aandike nini kwenye mtihani?

BARAKA: Aandike kiumbo, kisha aongeze sentensi moja kueleza ayoni zimefanya nini. Ningekuwa nasahihisha, ile sentensi ndiyo ningeipa alama nyingi.