Gari Lililouzwa Vipande Vipande

Ndugu zangu, karibuni. Kabla sijaanza, naomba kigari hiki kipite mkono kwa mkono, tuanzie kwa mama pale mbele. Kishikeni popote isipokuwa kwenye magurudumu; sababu mtaijua.

Hiyo ni Lotus Seven iliyopunguzwa mara 24, niliyoiunganisha mwenyewe kutoka vipande vya plastiki vya sandukuni. Gari lenyewe lilitoka mwaka 1957 katika karakana ya Colin Chapman pale Hornsey, kaskazini mwa London. Chapman alikuwa mhandisi mwenye ugomvi na uzito. Fremu ya mabomba membamba ya chuma, bati la alumini juu yake, injini, viti viwili, basi. Halikufika nusu tani. Paa la bati hakuna, na mvua ya Uingereza mnaijua.

Mimi lakini lilinivutia kwa namna lilivyouzwa. Enzi hizo Uingereza ilitoza kodi ya ununuzi kwa gari jipya lililokamilika. Ukinunua vipande ukaviunganisha mwenyewe nyumbani, kodi ile haikuhusu, mradi usipewe maelekezo ya kuunganisha. Inasimuliwa kwamba Lotus wakatoa maelekezo ya kulifungua gari vipande vipande, mteja ayasome kutoka mwisho kwenda mwanzo. (Kicheko.) VAT ilipoingia mwaka 1973 mwanya huo ukazibwa. Mwaka huohuo kampuni ya Caterham wakachukua haki za kuliunda, na hadi leo ukitaka vipande wanakuuzia.

Kwa hiyo mtu akiniambia nachezea vitoto vya magari, namjibu kwamba hata wenye magari makubwa walianza na sanduku, kama mimi.

Sasa tuje mezani. Bati la unene wa milimita moja, ukilipunguza mara 24, halikamatiki. Plastiki ya kiwandani haifiki huko, ndiyo maana kigari kinatoka na kingo nene kama sufuria. Dawa yake ni msasa, tena upitishe upande wa ndani, ili jicho liione ile kingo tu liamini bati zima ni jembamba. Mimi hapo humaliza jioni mbili, na mke wangu ananihesabia.

Uzito nao una vituko. Haugawanywi kwa 24, bali kwa 24 mara 24 mara 24 (urefu, upana na kimo), yaani 13,824. Gari la karibu kilo 500 linakuwa gramu 36 hivi, jepesi kuliko yai la kuku! Changu kimezidi. Nashuku rangi, kijani kile nilikipuliza mara tano.

Wakusanyaji wa vigari vya chuma wana kilio chao: baadhi ya Dinky za kabla ya Vita vya Pili, kazi ya kampuni ya Meccano ya Liverpool, zinapasuka zenyewe kabatini kwa kuwa zinki yake ilichanganyika na madini ya risasi.

Kilio changu ni matairi. Yale laini yana mafuta ya kuyalainisha, na mafuta hayo hutoka polepole yakala plastiki. Kigari hicho mlichoshika kilikaa kabatini miaka minane. Siku nilipovuta tairi la nyuma kushoto, rimu ikaja nalo, imenyooka kama jojo. Nimeigandisha kwa gundi. Siku hizi rimu napaka vanishi kwanza, tairi baadaye.

Mzee wangu wa safu ya nyuma, tafadhali. Hilohilo.