Kabla Hujaomba Nafasi CUEA, Jua Kampasi Iko Wapi

Hamjambo wazazi, hamjambo vijana. Leo nataka tuongee kuhusu CUEA, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, manake vijana wetu wa Mombasa wanaomba nafasi wakijua jina tu, wataishi wapi hawajui, na hilo linaniuma sana.

Kwanza, chuo hiki si cha Kenya peke yake. Ni cha maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, wa kutoka Eritrea, Ethiopia na Sudan mpaka Malawi na Zambia, na sisi na Tanzania na Uganda tumo. 1984 kilianza kama taasisi ya theolojia tu, 1985 Papa Yohane Paulo wa Pili akaja Nairobi akaifungua rasmi, halafu 1992 ikapewa chata, yaani hati ya serikali, ikawa chuo kikuu kamili, ndo maana leo watu wanasomea sheria, ualimu, biashara na kadhalika pale.

Kampasi kuu iko Lang'ata, Nairobi, karibu na Bomas. Sasa sikizeni vizuri hapa. Ukitoka Miritini na treni ya SGR unashuka Syokimau, na Syokimau si Lang'ata, bado una matatu mpaka tauni halafu nyingine tena, na sanduku na godoro mkononi, kwa hivyo siku ya kuripoti msimpandishe mtoto treni ya mchana, itamfikisha usiku. Apande ya asubuhi.

Kuna Eldoret pia, kampasi ya Gaba. Gaba yenyewe iko Uganda, kando ya ziwa, huko ndiko AMECEA walikuwa na taasisi yao ya mafunzo ya kichungaji kabla ya kuihamishia Eldoret 1976 na jina likaja nayo. Eldoret ni juu zaidi ya mita 2,000, mtoto wa Likoni huko asiende bila sweta nzito jamani. Kisumu nako walifungua kampasi.

Na mama aliyeniuliza pale mlangoni, ndio, Muislamu anachukuliwa, chuo kinapokea watu wa dini zote. Karo ni ya praivet, hiyo mjipange mapema, lakini mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, unaombwa hata kwa vyuo vya praivet.

Barua ikija, angalieni imetaja kampasi gani, halafu kabla ya kulipa hata shilingi pigeni simu ofisi ya usajili muulize kozi hiyo inafundishwa hapo mpaka mwaka wa mwisho ama mtoto atahamishwa katikati.