Kituo cha familia mtaani: kwa nini hatumuulizi mtu shida yake

Habari zenu, ndugu watazamaji mlioko nyumbani, na ninyi wenzangu mlioko ughaibuni. Tangu nilipotaja kwamba siku zangu za mapumziko nazitumia kujitolea katika kituo cha kusaidia familia hapa Uingereza, wengi mmeniuliza maswali mawili: nalipwa nini, na watu wanaokuja pale wana matatizo gani. La kwanza halina mjadala: silipwi, ingawa vituo vingi humrudishia mtu wa kujitolea nauli yake. La pili ndilo lililonifanya nirekodi video hii, kwa sababu mara nyingi sijui watu hao wana matatizo gani, na kituo kimepangwa makusudi ili nisijue.

Mama akiingia anasukuma kigari cha mtoto, mezani kwangu hakuna fomu inayomtaka aeleze kilichomleta. Namkaribisha, naandika jina lake na la mtoto, namwonyesha mahali pa kuacha kigari, basi. Siku hiyo huenda watoto wachanga wanapimwa uzito, au kuna nyimbo na hadithi, au yupo mtaalamu wa unyonyeshaji, kwa hiyo kila mzazi ana sababu ya kuwapo ambayo haihitaji maelezo. Yule aliyelemewa na madeni, yule anayepigwa nyumbani na yule ambaye tangu ajifungue hapati usingizi hata mtoto akilala, wote hupita mlango uleule pamoja na yule aliyekuja tu kwa kuwa mvua inanyesha na mtoto amemchosha. Jirani akiwaona hana la kusema. Mlangoni pangebandikwa tangazo la msaada kwa familia zenye matatizo, naamini wengi wao wasingekanyaga pale, na wanaohitaji zaidi ndio wangekuwa wa kwanza kukaa mbali.

Utaratibu huu una historia. Serikali ya hapa ilitangaza mwaka 1998 mpango wa Sure Start, wa huduma kwa watoto wadogo na wazazi wao, ikianzia katika maeneo yenye umaskini mkubwa, lakini ndani ya eneo husika huduma zilikuwa wazi kwa kila familia yenye mtoto mdogo, awe wa tajiri au wa maskini. Kufikia mwaka 2010 vituo vilikuwa vimezidi 3,000 nchini England, kisha bajeti zikakatwa na vingi vikafungwa. Watafiti wa Institute for Fiscal Studies, taasisi huru ya utafiti wa uchumi, walipowafuatilia watoto waliokulia karibu na vituo vile vya mwanzo, waliona kwamba walipofikia ujana walilazwa hospitalini mara chache zaidi na walifanya vizuri zaidi katika mitihani ya umri wa miaka 16, na kwamba waliofaidika zaidi ni wale wa familia maskini. Matokeo hayo yalitoka wakati majengo mengi yamekwisha kugeuzwa matumizi, jambo ambalo mimi naliona ni uzembe wa kisiasa.

Kuingia kujitolea kwenyewe si suala la kutokea tu na moyo mwema. Kwa kazi zinazokukutanisha na watoto mara kwa mara, rekodi yako ya jinai huchunguzwa kupitia idara ya serikali ijulikanayo kama DBS, uchunguzi ambao kwa wanaojitolea hautozwi ada, na aliyehamia karibuni anaweza kuombwa pia hati ya tabia njema ya polisi wa nchi aliyotoka. Baada ya hapo unapewa mafunzo ya ulinzi wa mtoto, na somo gumu kuliko yote ni hili: usimwahidi mtoto kwamba utamtunzia siri. Akianza kukueleza jambo zito unamsikiliza bila kumhoji, unaandika maneno yake kama alivyoyatamka, na siku hiyohiyo unayafikisha kwa msimamizi wa ulinzi wa watoto. Humpigii mzazi simu, wala huanzishi upelelezi wako. Mimi niliyelelewa kujua kwamba ya nyumbani hayatoki nje, somo hilo lilinichukua muda kulikubali.

Lugha ndiyo iliyonisogeza kutoka mezani hadi vyumba vya ndani. Kanuni ya kituo ni kwamba mtoto hatumiki kuwa mkalimani wa mzazi wake, hata kama anakijua Kiingereza kuliko sisi sote. Sababu yake utaielewa ukimwona mvulana wa darasa la nne akitazama sakafu wakati mama yake anajaribu kueleza, kupitia kinywa chake, kwamba kodi ya nyumba haijalipwa. Siku ile nilimchukua mvulana tukacheze karata, na mkalimani wa kulipwa akaunganishwa kwa simu, kwa maana mazungumzo rasmi hayaachiwi mtu wa kujitolea kama mimi. Kazi yangu ya lugha ni ile ya pembeni: kumwonyesha mtu choo kilipo, kumsomea ratiba, kumweleza kwamba yule dada mwenye kitambulisho shingoni ni muuguzi wa watoto, wala si ofisa ustawi wa jamii.

Hofu hiyo ya ustawi wa jamii naijua vizuri miongoni mwetu. Wazazi wengi kutoka kwetu huamini kwamba ukiomba msaada, kesho yake watoto wanachukuliwa. Siwezi kuwaambia kwamba hakuna mtoto anayeondolewa nyumbani, kwa sababu wapo, ila hatua hiyo, nje ya hali ya dharura, hupitia mahakamani, na familia inayoomba msaada mapema huwa na nafasi kubwa ya kusaidiwa ikiwa pamoja. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi pale mezani sina haja ya kuuona huo uchi. Inatosha kwamba mama ameingia, na muuguzi yuko chumba cha pili.

Kwa mliouliza namna ya kuanza huku mliko, tafuteni kituo kilicho jirani na mseme ni siku gani ya wiki mnaweza kufika bila kukosa, kwa kuwa wazazi hurudi pale wanapokuta sura waliyoizoea. Msimamizi wa kituo chetu huuliza hilo kabla hajauliza mtu amesomea nini.