Nani Anapunguza Kasi? Nafsi ya Pili katika Nyaraka za Upimaji wa Programu

Ndugu wasikilizaji, nashukuru kwa kuitikia wito. Niende moja kwa moja kwenye sentensi ambayo, kwa sura hii au ile, imo katika miongozo mingi ya kupima utendaji: "Ukiona pakiti zinapotea, punguza kasi kisha ujaribu tena." Watu wawili wakiwa wamekaa mbele ya mashine moja, sentensi hiyo inatosha kabisa. Ikishaingia kwenye waraka wa upimaji, maswali yanaanza. Anayeona ni mtu anayetazama skrini, au ni programu inayohesabu pakiti, yaani vipande vya data vinavyopita mtandaoni? Kasi inashushwa kwa kiasi gani, na kiasi hicho ameamua nani?

Waraka wa aina hii huandikwa ili mtu asiyemjua mwandishi arudie kipimo, hata miaka kadhaa baadaye, na apate namba zinazolingana. "Wewe" wa humo ndani anabeba watu wengi kwa mpigo: anayeandaa mazingira ya jaribio, anayeliendesha, anayesoma matokeo ili aamue anunue nini, hata aliyeitengeneza programu yenyewe. Mara nyingine hakuna mtu hapo kabisa. Kuna skripti inayojiendesha usiku kucha. Na kila msomaji anajiona ndiye anayesemeshwa. Ndiyo maana napendekeza nafsi ya pili iondolewe katika sehemu zinazoeleza mbinu na matokeo, na mtendaji atajwe.

Wanaopima mitandao wanaifahamu RFC 2544, waraka wa mwaka 1999 unaoeleza mbinu za kupima vifaa vya mtandao. Humo kuna jaribio la kutafuta kasi ya juu kabisa ambayo kifaa kinapitisha kila fremu (kifurushi cha data) iliyotumwa kwake, bila kuangusha hata moja. Maelezo yake yanaanza kwa kuamrisha: tuma fremu kadhaa kwa kasi fulani, hesabu zinazotoka. Kisha yanageuka: zikipungua, kasi inapunguzwa na jaribio linarudiwa. Mtendaji ametoweka katikati ya aya, na kiasi cha kupunguza hakikutajwa hapo. Basi mpimaji mmoja anagawanya nusu kwa nusu, mwingine anashuka hatua kwa hatua. Wote wawili wamefuata waraka, na namba zao zinaweza kutofautiana. Kipengele kingine cha waraka huohuo kinashauri kila jaribio lidumu angalau sekunde 60, ila kinaruhusu majaribio mafupi wakati wa kutafuta, mradi uamuzi wa mwisho utokane na jaribio la muda kamili. Ruhusa nzuri. Lakini anayechagua ufupi huo asipotajwa, msomaji wa ripoti hajui kama anatazama uamuzi wa mtu au mpangilio wa programu.

Kwa kifaa kilichotengenezwa mahususi kwa kupitisha fremu, huenda tofauti isionekane sana. Swichi ya programu, yaani programu inayofanya kazi ya swichi ya mtandao ndani ya kompyuta, ni habari nyingine. Inagawana kichakataji na mfumo endeshi, na inaweza kuangusha pakiti chache hata kasi ikiwa ya chini, kwa sababu tu mfumo umekatiza kazi yake kwa muda mfupi. Jaribio likishindwa, je, lirudiwe kwa kasi ileile au kasi ishuke papo hapo? Kwenye swali hilo namba ya mwisho inaweza kubadilika sana, na ndilo swali ambalo "ujaribu tena" inalipita.

Sasa tahadhari, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mhariri anaambiwa aondoe nafsi ya pili, naye anageuza kila kitenzi kiwe cha kutendwa: kasi ipunguzwe, jaribio lirudiwe, matokeo yarekodiwe. Sentensi imepata sura ya kitaalamu, lakini swali letu limebaki palepale, tena limejificha zaidi. Nafsi ya pili ikitoka, mtendaji aingie. Mimi ningeandika hivi: "Kifaa cha kupimia kikipokea fremu pungufu ya zilizotumwa, programu ya kuendesha jaribio inachagua kasi iliyo katikati ya kasi ya juu kabisa iliyofaulu na kasi ya chini kabisa iliyoshindwa, kisha inaanzisha jaribio jipya la sekunde 60." Ni ndefu, ndiyo. Lakini mtu anaweza kuandika msimbo kutokana na sentensi hiyo bila kumtafuta mwandishi.

Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna kazi ya ziada. Kutafuta neno "wewe" kwenye faili hakusaidii, maana nafsi yetu ya pili imo ndani ya kitenzi, na kiambishi chake kinafanana na cha nomino kama mfumo, mtandao na mzigo. Soma hii: "Mfumo ukikwama, utaandika hitilafu kwenye kumbukumbu." Nani ataandika? Mfumo unaweza kuandika wenyewe, na mpimaji pia anaweza kuandika kwa mkono. Msomaji mmoja ataisubiri programu, mwingine atafungua faili aandike. Hakuna skripti ya kawaida itakayokamata hilo. Lazima mtu asome mstari kwa mstari.

Majina ya wahusika yapangwe mapema na yasibadilike: mpimaji, kifaa cha kupimia, mfumo unaopimwa, msomaji wa ripoti. SPEC, shirika la vipimo vya utendaji wa kompyuta lililoanzishwa mwaka 1988, linafanya hivyo hata kwenye ripoti: matokeo ya SPEC CPU 2017, kipimo chake cha vichakataji, yana nafasi ya mdhamini wa jaribio na nafasi nyingine ya aliyelifanya. Wanaweza kuwa wamoja, lakini nafasi ni mbili.

Sisemi kila amri ifutwe. Ukurasa wa kusakinisha programu una msomaji mmoja mwenye kibodi mbele yake. "Fungua faili ya mipangilio" ibaki kama ilivyo. Ninachokilenga ni sehemu inayoeleza mbinu ya kipimo na sehemu inayotafsiri matokeo.

Na marekebisho haya yafanywe peke yake, yasichanganywe na mabadiliko ya mbinu, ili mkaguzi aone wazi kwamba maana haikuguswa. Mtakutana na sentensi ambazo mhariri hawezi kujua mtendaji wake ni nani. Hizo asizikisie. Aziwekee alama na kuzirudisha kwa aliyebuni jaribio, na mpaka jibu lipatikane, sentensi ya zamani ikae hapohapo.